Kamera imefika Kigoma, maikrofoni bado iko Dar

Kigoma. Aprili 9, 2024, Mashujaa FC iliitupa nje Simba kwenye Kombe la Shirikisho la CRDB. Ilikuwa Uwanja wa Lake Tanganyika, sare ya 1-1, kisha penalti 6-5. Nchi nzima iliona laivu, kuanzia Kibirizi hadi Kariakoo.

Kesho yake mjadala ulikuwa mmoja tu: Simba imekwama wapi? Asubuhi redioni Simba, mchana mitandaoni Simba, jioni kwenye vipindi vya michezo Simba tena. Kabla mwezi haujaisha kocha Abdelhak Benchikha alikuwa ameshaaga Msimbazi, na mjadala ukaongezwa moto. Timu iliyoshinda ilitajwa kama ajali iliyompata mtu mwingine. Mashujaa walijipanga vipi, nani aliusoma mchezo vizuri, kijana gani kati yao anastahili kuangaliwa kwa jicho la pili, hayo yalipita kwa mstari mmoja au miwili.

Kwa shabiki wa Kigoma hilo si jambo geni. Lakini linaeleza vizuri kilichotokea kwenye tasnia ya habari za michezo ndani ya miaka kumi na kitu iliyopita. Mkoa huu haujawahi kuonekana kwenye runinga kama unavyoonekana sasa. Wakati huohuo, watu wanaoweza kuusimulia mpira wake kutoka ndani wanazidi kupungua. Picha imekuja, sauti imebaki ilikokuwa.

ENZI ZA REDIO YA MBAO

Ili kuelewa mabadiliko haya, lazima urudi kwenye Redio Tanzania Dar es Salaam. Wazee wa Ujiji na Mwanga bado wanawataja watangazaji wa RTD kama wanavyowataja wachezaji: Ahmed Jongo, Dominic Chilambo, Charles Hilary ambaye alifariki Mei 2025. Mechi ya Simba na Yanga ilikuwa sauti tu. Mpira ulikuwa upande wa kulia wa uwanja kwa sababu Jongo amesema uko kulia, na hakuna aliyekuwa na mkanda wa marudio wa kumbishia.

Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake. Redio ilikuwa moja, ya Serikali, na kilichotangazwa ni kile ambacho Dar es Salaam imeamua kitangazwe. Ligi za mikoani zilipata matokeo kwenye taarifa ya habari, basi. Lakini ulikuwa na usawa wa aina yake. Betri zikiwa nzima, mvuvi wa Katonga na karani wa Ilala walilipata bao sekunde ileile na kwa bei ileile, yaani bure.

Magazeti yalikuwa hadithi nyingine. Kutoka Dar hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Gazeti la michezo lililochapwa Dar usiku lilifika huku likiwa limezeeka, na bado lilisomwa na watu kumi kabla ya kufungia maandazi. Umeme nao ulikuwa mtihani, kwa sababu kwa miaka mingi Kigoma iliishi nje ya Gridi ya Taifa ikitegemea majenereta ya dizeli. Kwa hiyo runinga zilipoanza kuenea Bara kuanzia 1994, ITV ilipoingia hewani, faida kwa mkoa huu ilichelewa. Redio iliendelea kuwa mfalme muda mrefu kuliko mikoa mingine.

KING'AMUZI KIKABADILI KILA KITU

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa vipande viwili vilivyofuatana. Cha kwanza ni kuzimwa kwa mitambo ya analojia, zoezi lililoanzia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012 na kuendelea mikoani kwa awamu. Antena ya kawaida ikawa pambo la paa. Ukitaka kuangalia runinga, nunua king'amuzi.

Cha pili ni 2013, pale Azam TV ilipozaliwa na kuchukua haki za kuonyesha Ligi Kuu. Hapo kila klabu iliahidiwa Sh100 milioni kwa msimu. Yanga iligoma, ikidai fedha ni ndogo na kwamba mechi ikionyeshwa laivu watu hawatakwenda uwanjani. Wengi waliwacheka. Leo, ukikaa Kigoma, unagundua kwamba hoja ile haikuwa ya kupuuzwa. Tutaifikia.

Mei 2021, TFF na Azam Media walisaini mkataba mpya wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Ukigawanya kawaida tu, bila kuingia kwenye mpangilio wa malipo ya kila mwaka, ni wastani wa Sh22.56 bilioni kwa mwaka. Kwa soka la Tanzania huo ni mkwanja ambao haukuwahi kuonekana. Klabu ambayo zamani ilisafiri kwa kuchangishana nauli sasa ina uhakika wa fungu linaloingia kwa sababu tu iko Ligi Kuu.

Miezi miwili baada ya saini ile, Kigoma ikapata zamu yake. Julai 25, 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa Lake Tanganyika. Mukoko Tonombe wa Yanga akala kadi nyekundu, Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa, Simba ikabeba kombe kwa bao 1-0. Mwaka mmoja kabla fainali hiyo ilikuwa Sumbawanga, iliyofuata ikaenda Arusha, kisha Tanga, kisha Zanzibar. Fainali kuzungushwa mikoani namna hii kunawezekana kwa sababu kamera zinaweza kwenda popote. Bila gari la matangazo, ni nani angekubali dabi ya Kariakoo ichezwe kandokando ya ziwa, mwisho wa reli?

Halafu Mashujaa yenyewe ikapanda. Iliitoa Mbeya City kwenye mchujo wa Juni 2023 na msimu wa 2023/24 ikaingia Ligi Kuu. Tangu hapo, kila wiki mbili au tatu jina la Kigoma linasomwa kwenye runinga, na milima ya nyuma ya uwanja inaonekana hadi kwa Watanzania waliopo Muscat na London. Kwa mkoa ambao watu wa Dar wakitaka kuutania husema ni 'mwisho wa reli', hilo si jambo dogo.

GETI LINASEMAJE?

Sasa turudi kwenye hoja ya Yanga ya 2013. Kwenye Ligi Kuu, mapato ya mlangoni ni riziki ya mwenyeji. Kwa timu kama Mashujaa, mechi mbili za nyumbani ndizo zenye geti la maana kwa msimu mzima: Simba wakija na Yanga wakija. Zilizobaki zinajaza majukwaa kwa kadri Mungu atakavyojalia.

Novemba 1, 2024 Simba walikuja tena Lake Tanganyika na kuondoka na pointi tatu kwa bao la Steven Mukwala la dakika za nyongeza kabisa. Siku kama hiyo mji unasimama. Watu wanatoka Kasulu, Uvinza na Buhigwe, bodaboda hazishikiki. Hapo runinga haimzuii mtu, maana kumwona Simba kwa macho ni tukio.

Lakini chukua mechi ya kawaida, Mashujaa dhidi ya timu ya katikati ya msimamo, saa 10:00 jioni siku ya kazi. Shabiki wa Gungu anapiga hesabu. Kiingilio, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, jua. Upande wa pili kuna kibanda umiza mita mia kutoka nyumbani, benchi, kivuli, buku au mia tano mlangoni, na mechi ileile inaonekana kwa kamera kadhaa na marudio ya kila tukio. Nani atamlaumu akichagua kibanda?

Tatizo ni kwamba ile mia tano haiendi kwa Mashujaa. Inabaki kwa mwenye kibanda, na yeye analipia kifurushi. Kifurushi kinakwenda kwa kampuni, kampuni inalipa TFF na Bodi ya Ligi, halafu mgawo unashuka kwa klabu. Kwa hiyo fedha ya shabiki wa Gungu inasafiri hadi Dar ndipo irudi Kigoma, na njiani inachanganyika na ya nchi nzima. Klabu inapata uhakika wa fungu, lakini inapoteza uhusiano wa moja kwa moja na mtu wake. Huu ndio mgogoro ambao mkataba wa bilioni 225.6 haukuumaliza. Umeufunika kwa sababu fungu ni nono.

Kibanda umiza chenyewe kina akili yake ya biashara. Mwenye kibanda hana uzalendo wa mkoa, ana benchi za kujaza. Jumamosi jioni Mashujaa wakiwa uwanjani na Arsenal au Liverpool wakiwa uwanjani muda uleule, atafungua kile kitakachojaza. Mara nyingi si Mashujaa. Kijana wa Ujiji anaweza kukutajia kikosi cha kwanza cha Arsenal na wa akiba wote, lakini beki wa kushoto wa timu ya mkoa wake hamjui kwa sura.

WENYE MTO NA WENYE ZIWA

Na hata hiyo Arsenal ina mwenyewe. Septemba 2025, Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha kuichukua MultiChoice, kampuni yenye DStv na SuperSport. Kwa Dar es Salaam hiyo ni habari ya kurasa za uchumi. Kwa Kigoma ina maana nyingine kabisa, kwa sababu Canal+ ndiyo iliyokuwa ikihudumia watazamaji wa ng'ambo ya ziwa kwa miaka mingi, Kongo na Burundi. Leo mvuvi wa Kalemie anayeangalia mpira kwa Kifaransa na mwenzake wa Kibirizi mwenye DStv, wote wanamlipa tajiri mmoja.

Ziwa Tanganyika limekuwa soko moja la samaki, vitenge na muziki tangu zamani. Sasa ni soko moja la kuangalia Ligi ya Mabingwa Ulaya pia. Bei zikipanda, zitapanda kwa maamuzi yaliyofanyika mbali. Zikishuka, vilevile. Na wavuvi wana kalenda yao ambayo hakuna kampuni ya runinga inayoijua. Mwaka 2024 Tanzania ilipumzisha uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Miezi hiyo ndiyo ligi inapofungwa, fainali za Ulaya zinapochezwa na msimu mpya unapokaribia kuanza. Ziwa likifungwa, mzunguko wa fedha mwaloni unapungua, na kifurushi cha mpira ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa kwenye bajeti ya nyumba.

Shabiki wa mikoani ameshazoea kulipia mabadiliko yasiyo yake. Agosti 2018, TCRA ilipozitaka kampuni za king'amuzi cha kulipia kuondoa chaneli za ndani zinazopaswa kuonekana bure, mtu mwenye king'amuzi cha mpira alijikuta hana taarifa ya habari, akalazimika kununua cha pili. Sheria ilikuwa na hoja zake kuhusu leseni. Sebuleni Mwanga, ilichomaanisha ni rimoti mbili na malipo mawili.

Simu janja imepunguza makali kwa kiasi. Mechi inaonekana kwa programu ya simu, mabao yanakatwa vipande na kurushwa mitandaoni ndani ya dakika chache. Lakini bando nalo lina bei, na mtandao kwenye vijiji vya kando ya ziwa kusini ya Uvinza si ule wa Posta Dar. Ndiyo maana redio haijafa. TBC Taifa bado inatangaza Ligi Kuu, na kwenye mtumbwi wa dagaa usiku, katikati ya maji, sauti ileile ya zamani ndiyo inayofanya kazi.

NANI ANASHIKA MAIKROFONI?

Hapa ndipo penye uzito. Fedha za runinga zimekuja pamoja na biashara nyingine kubwa, ile ya maneno. Kuanzia Clouds FM na EFM hadi Wasafi FM na Crown FM, vipindi vya michezo vimekuwa roho ya redio za Dar. Wachambuzi wamekuwa mastaa. Matangazo ya kampuni za kubeti yanaingia humo, na nguvu ya kampuni hizo kwenye mpira inajulikana: 2022 pekee, Simba ilisaini na M-Bet mkataba wa Sh26.1 bilioni kwa miaka mitano, Yanga ikasaini na SportPesa Sh12.3 bilioni kwa miaka mitatu.

Biashara hii ina kanuni moja rahisi: zungumzia kinachosikilizwa na wengi. Na kinachosikilizwa na wengi ni Simba na Yanga. Mchambuzi hawezi kulaumiwa peke yake. Akitumia dakika 20 kuelezea mfumo wa Mashujaa, msikilizaji wa Mbagala anahamisha stesheni, na mdhamini anahesabu wasikilizaji.

Kuna kitu cha kuchekesha kidogo ndani yake. Wasafi ni ya Diamond Platnumz, Crown ni ya Ali Kiba. Wote wawili wana asili ya Kigoma, na wote walikuwemo kwenye kundi la Kigoma All Stars lililoimba Leka Dutigite mwaka 2012. Yaani vituo viwili kati ya vinavyotikisa Dar vinamilikiwa na wana wa Kigoma, lakini habari za mpira wa Kigoma bado zinasubiri Simba wasafiri. Damu ya mmiliki haibadilishi hesabu za matangazo.

Klabu kubwa nazo zimegeuka vyombo vya habari. Ahmed Ally wa Simba na Ally Kamwe wa Yanga walitokea Azam TV kabla ya kuwa sauti za klabu zao, na leo neno lao moja linatembea kuliko habari ya gazeti lolote. Simba na Yanga zina kurasa zenye wafuasi wa mamilioni, zinatoa habari zenyewe, zinachagua cha kusema na cha kunyamazia. Klabu ndogo haina jeshi hilo. Ikiwa hakuna mwandishi anayeikaribia, inakuwa kimya.

Na waandishi wanapungua. Desemba 2020, New Habari ilisimamisha uzalishaji wa magazeti yake, yakiwemo Bingwa na Dimba, mawili yaliyolea kizazi kizima cha waandishi wa michezo nchini. Yaliyobaki yanapambana na msomaji ambaye ameshasomewa vichwa vya habari redioni saa 12 asubuhi na kuona picha ya ukurasa wa mbele kwenye WhatsApp. Gazeti likibana matumizi, la kwanza kukatwa ni safari, la pili ni nafasi ya mikoani. Mwandishi wa mkoani wa aina ile ya kawaida analipwa kwa habari iliyotoka. Asipotoka, hali. Sasa ataandika nini: timu ya daraja la chini ya Ujiji ambayo haitapata nafasi, au ajali, siasa na ziara ya waziri?

Hivyo unakuta mechi ya Lake Tanganyika ina kamera nyingi kuliko wakati wowote, lakini jukwaa la waandishi ni jembamba. Kamera inaonyesha bao. Haiulizi kwa nini mishahara imechelewa, kwa nini nyasi ziko vile, kwa nini kijana fulani alisajiliwa na kuachwa bila kucheza. Anayeuliza ni mwandishi anayekaa mjini, anayekutana na wachezaji sokoni.

Na kuna swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Kampuni inayoonyesha ligi ni ya familia ya Bakhresa, na familia hiyohiyo ina Azam FC ndani ya ligi. Hilo si siri wala si kosa. Lakini runinga inapokuwa mlipaji mkubwa wa ligi, mwenye timu kwenye ligi na chombo cha habari cha kuikosoa ligi kwa wakati mmoja, lazima wawepo wengine wa nje wenye nguvu ya kuuliza. Wakifa hao wa nje, hata yule mwenye nia njema anabaki bila wa kumsahihisha.

CHINI YA LIGI KUNA GIZA

Madhara makubwa zaidi hayako Mashujaa. Mashujaa angalau wanaonekana. Yako kwenye viwanja vya vumbi vya Ujiji, Buzebazeba, Kibondo na Kakonko, kwenye ligi ya mkoa, kwenye soka la wanawake, kwenye mashindano ya shule na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ambako mpira unachezwa kila siku.

Zamani skauti alisoma habari ndogo gazetini: kijana fulani kafunga mabao matatu mkoani. Habari ile ya sentimita tano ilikuwa barua ya kazi. Leo kijana huyo asipokuwa na mtu wa kumrekodi na kumrusha mtandaoni, hayupo. Na anayejirekodi mwenyewe anajiuza kwa vipande vya chenga, bila mtu wa kati wa kusema kama mechi ilikuwa ngumu au nyepesi.

Kwamba maikrofoni inaweza kubadili mambo, mfano upo. Ndondo Cup ya Dar es Salaam, iliyoasisiwa na Shaffih Dauda, ilikuwa mpira wa mtaani kama wa Mwanga au Gungu. Tofauti ni kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu wa redio. Ilipotangazwa, ikapata wadhamini. Ilipopata wadhamini, ikajaza viwanja. Ilipojaza viwanja, wachezaji wakaonekana. Ndondo za Ujiji zina kelele, ngoma na upinzani uleule. Hazina antena.

Vijana wangeweza kujaza pengo hilo kwa simu zao. Lakini kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilileta leseni na ada kwa wanaoendesha redio na runinga za mtandaoni, na ingawa mambo yamerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kijana wa Kigoma anayetaka kurusha ligi ya wilaya kihalali bado anaanza na gharama kabla ya kupata hata mdhamini wa maji ya kunywa. Redio za mkoani kama Joy FM zinasikika, zina wasikilizaji waaminifu, lakini nazo zinategemea matangazo ya biashara za mji mdogo. Kutuma mtu Kibondo kwa mechi ya dakika 90 ni bajeti.

KENYA WALISHAPITA HUKO

Wanaodhani fedha ya runinga ni ya milele wawaulize Wakenya. SuperSport iliingia kwenye ligi yao 2007 na kuibadilisha: viwanja vikapendeza kwenye kioo, wachezaji wakaonekana, wadhamini wakasogea. Mwaka 2017, baada ya mvutano kuhusu kuongeza timu hadi 18, SuperSport ikaondoka. Klabu zilizokuwa zimezoea mgawo zikabaki na madeni, wachezaji wakakaa miezi bila mshahara. Ilichukua miaka hadi 2023, ambapo Azam hao hao wa Dar walisaini mkataba wa miaka saba na FKF.

Somo ni kwamba klabu isiyo na geti, isiyo na jezi ya kuuza na isiyo na watu wake wa kuisemea, siku runinga ikikohoa yenyewe inalazwa. Mkataba wa Tanzania unafika 2031. Ni mbali kidogo, ila kwa klabu inayotaka kujenga msingi, miaka hiyo ni ya kuhesabu kwa vidole.

Kwa Kigoma hatari iko karibu zaidi ya 2031. Mashujaa ikishuka daraja msimu wowote, kamera zitafungasha siku hiyohiyo. Mkoa utarudi kwenye mstari wa matokeo, kama enzi za RTD, isipokuwa safari hii hata ile taarifa ya habari yenye matokeo ya mikoani haipo.

NINI KIFANYIKE?

Kwanza, mgawo. Bodi ya Ligi na TFF wanajua thamani ya mkataba. Wakitenga hata sehemu ndogo kwa ajili ya kurekodi na kutangaza ligi za mikoa, kwa kamera moja na mtangazaji mmoja wa palepale, picha hizo zitakuwa mali ya mkoa na ghala la kusaka vipaji. Gharama yake ukilinganisha na Sh225.6 bilioni ni chenji.

Pili, sauti ya redio. Haki za runinga zina mwenyewe, sawa. Lakini redio za mkoani zinaweza kuruhusiwa kutangaza mechi za timu ya mkoa wao kwa masharti mepesi. Mechi ya Mashujaa ikitangazwa na mtu anayejua kwamba kijana aliyeingia dakika ya 70 ni mtoto wa Bangwe, shabiki wa mtumbwini atapata sababu ya kwenda uwanjani Jumapili ijayo. Redio ya namna hiyo inampigia debe geti, haimnyang'anyi.

Tatu, klabu yenyewe. Mashujaa ni timu ya jeshi, na maafande wanajua nidhamu kuliko kelele. Lakini Ligi Kuu ya sasa inataka kelele kidogo. Kuwapeleka wachezaji Soko la Mwanga, kuwaalika waandishi wa Kigoma Press Club mazoezini, kurusha habari zao wenyewe kila siku badala ya kusubiri Simba waje: hayo hayahitaji bilioni.

Nne, shabiki. Anayelalamika kwamba Kigoma haisemwi, mara ya mwisho alisikiliza nini na alilipia nini? Vyombo vya habari vinafuata masikio na mifuko. Kiti cha Lake Tanganyika kikiwa kitupu kwenye mechi isiyo ya Simba wala Yanga, kamera inakionyesha kitupu vilevile, na mdhamini aliyepo Dar anakiona.

Mechi ijayo ya nyumbani, gari la matangazo litapanga nyaya zake tena pale uwanjani, mafundi watapima picha, na ziwa litaonekana vizuri nyuma ya goli. Mpira ukiisha watakunja nyaya na kuondoka kabla giza halijaingia. Watakaobaki ni wenyeji, na swali ni kama miongoni mwao kutakuwa na yeyote wa kuisimulia mechi ile kesho yake.